Nyumba Kongwe Hununuliwa Masika

Nyumba kongwe ya mji wetu hununuliwa masika, mwanangu. Mama yako ameniambia kuwa umeoneshwa nyumba ya ghorofa mbili upande wa Kajificheni, kwamba dalali anakuharakisha utoe arubuni, na kwamba ulipoingia ndani mwezi wa Januari kuta zilikuwa nyeupe pee na sakafu kavu kau. Sina shaka kwamba ndivyo ulivyoona. Kaskazi ikivuma na jua likiwaka, kila nyumba ya Unguja hukauka, hata ile ambayo boriti zake zimekwisha kuoza ndani ya ukuta. Mwezi wa Aprili ndio usemao kweli. Kwa hiyo kabla hujatia saini nataka ukae unisikilize, nikuhadithie mambo ya nyumba ya Mkunazini, hii hii ambamo umezoea kuja kufuturu, maana wewe umeikuta imekwisha kutengenea na hukuiona ilivyokuwa mwaka 1988.

Kwanza ujue mji ulivyokuwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za mawe ziliingia mikononi mwa serikali, na watu kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba wakapewa vyumba ndani yake. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja na watu wake ikawa na familia tano au sita, kila moja na jiko lake la mkaa na pipa lake la maji. Kodi ilikuwa ndogo, na hakuna aliyejiona kuwa mwenye paa. Bati likitoboka, wa juu aliweka sufuria. Sufuria ikifurika, wa chini alihamisha kitanda. Wenye nyumba wengine walikuwa Maskati, Dubai au Mombasa, mbali na matone hayo. Mvua zikishika kasi tulikuwa tukisikia kishindo usiku, na asubuhi watoto wakakimbilia kutazama gofu jipya. Katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Mwinyi, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Darajani yakaanza kujaa vitambaa na redio, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe. Watu waliokuwa wakitamani fleti za Michenzani wakaanza kugeuza macho na kuzitazama upya zile kuta nene za babu zao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa skuli, mshahara wangu haufiki shilingi elfu nne kwa mwezi, nina mke na watoto wawili katika chumba cha kupanga Kikwajuni. Nyumba tuliyoambiwa ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwembamba, jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho lakini sauti yake ingali kali, aliyekuwa akikaa peke yake ghorofa ya juu na paka wake. Wanawe walikuwa Maskati na walitaka ahamie kwao. Chini paliwahi kuwa ghala la karafuu, na harufu ya karafuu ilikuwa haijatoka: ilikupokea mlangoni, nzito na tamu, nyuma yake ikaja harufu ya koga, nyuma ya koga harufu ya karo, na ukipanda ngazi ukakutana na harufu ya popo waliojificha chini ya mabati. Bibi alikuwa akifukiza udi mchana kutwa ili kupambana na hayo yote. Alitaka shilingi laki sita.

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa Februari, nikazipenda zile kuta, unene wake dhiraa nzima na zaidi, na vidaka vyake, na mlango wa nakshi ambao mchwa walikuwa hawajaugusa. Kuta za chini zilikuwa zimepigwa lipu mpya na kupakwa rangi ya mafuta ya buluu hadi kiunoni. Marehemu baba mkwe wangu, aliyefanya kazi ya uhamali bandarini na kuingia nyumba nyingi za mji huu akiwa na mizigo mabegani, alinikataza kutoa hata senti. Akasema ngoja mvua. Tukangoja. Masika ya mwaka ule yalipokolea nilirudi, na nyumba niliyoikuta haikuwa ile. Rangi ya buluu ilikuwa imevimba mapovu mapovu. Ukibonyeza povu kwa kidole, linatoka maji na unga mweupe. Katika chumba cha ghorofa ya kwanza, michirizi ya rangi ya chai ilikuwa ikishuka kutoka pembe ya dari hadi sakafuni. Msahafu wa bibi, aliouhifadhi kidakani ndani ya mfuko wa kitambaa, ulikuwa umeota koga kwenye jalada, naye alikuwa akiupangusa kwa ncha ya kanga yake, macho yakimlenga machozi.

Nilimwendea mwashi mmoja mzee wa shamba, upande wa kusini, mtu mfupi, mweusi tii, vidole vyake vimeliwa na chokaa hadi kucha zimepauka. Alikuja na nyundo ndogo na tochi, basi. Alizunguka nyumba asubuhi nzima bila kutamka neno. Alipofika kwenye ule unga mweupe aliuchota kwa kidole, akauonja. "Chumvi," akasema, "hii inatoka chini." Kisha akanifundisha jambo ambalo nimelishika hadi leo: kwamba nyumba ya mawe huingiwa na maji ya aina tatu, na kila aina ina alama yake. Maji ya ardhini hupanda ukutani kidogo kidogo, hufika kiunoni au kifuani, hapo hukoma kwa sababu hewa inayakausha kwa kasi ile ile yanayopanda. Alama yake ni mstari unaozunguka chumba kizima kwa kimo kimoja, na chumvi juu yake. Maji ya mvua hushuka kutoka juu, yanaacha michirizi, na mvua zikikatika nayo hukatika. Maji ya mfereji na ya choo hayajui msimu: doa lake ni bichi hata katika jua la Februari, lina harufu, na mara nyingi hukaa katikati ya ukuta mahali ambapo huoni kwa nini liwepo. "Ukimwita fundi," aliniambia, "akaanza kuchanganya udongo kabla hajakuambia ni maji yepi, mpe nauli yake arudi kwao."

Halafu akagonga lipu ya chini kwa nyundo yake, nayo ikalia kitupu: ilikuwa imeachana na ukuta. Ilikuwa lipu ya saruji. Wanawe bibi walileta fedha kutoka Maskati miaka michache nyuma, wakaambiwa saruji ndiyo dawa ya unyevu, wakaamini, wala hakuna wa kuwalaumu. Tangu kiwanda cha Wazo kule Dar es Salaam kilipoanza kazi mwaka 1966, na majumba ya Michenzani yakasimama kwa zege, saruji ilikuwa ndiyo alama ya maendeleo, na chokaa ikaonekana kitu cha wazee. Lakini kuta zetu hizi, mwanangu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, lina chumvi ya bahari lilikotoka, na hunywa maji. Likishakunywa, lazima lipate pa kuyatolea. Chokaa huyaacha maji yapite yakapotelee hewani. Saruji huyafungia ndani. Ukuta wa matumbawe uliopigwa saruji ni kama mtu aliyevishwa koti la mvua mchana wa Februari, jasho lake halina pa kwenda. Maji yaliyokuwa yakikomea kiunoni hupanda hadi pale saruji inapoishia. Chumvi hukauka nyuma ya lipu, chembe zake zikatanuka na kuisukuma nje. Na unyevu ukishafika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, boriti huoza mahali ambapo jicho halioni. Nyumba nyingi za mji huu zimeangukia hapo.

Niliporudi kwa bibi sikumficha kitu. Nilikwenda na fundi, tukakaa juu kwenye mkeka, tukaletewa chai ya mdalasini na mkate wa ufuta, fundi akamweleza kimoja kimoja, naye akasikiliza amefumba macho. Alipomaliza, bibi alisema kwamba marehemu mumewe alikuwa akiipaka nyumba ile chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, na tangu afe hakuna aliyeipaka tena. Akashusha bei hadi laki nne na nusu. Hata hivyo zilikuwa fedha nyingi kwetu. Mke wangu aliuza bangili zake kwa sonara, mimi nikauza fungu langu la mikarafuu ya urithi, na shangazi zangu wakatupa zamu ya kwanza katika mchezo wao wa upatu. Noti kubwa wakati ule ilikuwa ya shilingi mia mbili, kwa hiyo fedha zilisafiri ndani ya kikapu cha ukili kilichofunikwa mchicha. Mke wangu akakibeba kutoka Kikwajuni hadi Mkunazini, nami nikimfuata nyuma hatua chache. Sehemu ya fedha hatukuigusa. Hilo lilikuwa sharti la fundi: mwenye kumaliza kila alicho nacho kwenye bei, alisema, amenunua kifusi.

Kazi ilianzia juu ya bati. Kukausha ukuta ambao bado unanyeshewa ni kuitupa fedha, na fundi hakukubali mtu aguse lipu hadi juu pawe pazima. Nyumba zetu za kale zilikuwa na mapaa bapa ya zege la chokaa. Baadaye watu wengi wakaongeza paa la bati juu yake. Mabati ya bibi yalikuwa yameliwa na kutu kwenye kila msumari, na mlizamu uliopasuka ulikuwa ukimwaga maji ya paa zima kwenye ukuta mmoja, masika baada ya masika. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humiminika katika masika. Basi fikiri maji hayo, ya paa zima, yakipita mahali pasipozidi upana wa mlango. Hapo ndipo ilipotoka ile michirizi ya rangi ya chai. Mabati tuliyapata kidogo kidogo, mengine mapya na mengine ya mnadani, na mlizamu mrefu akatukunjia fundi wa mabati wa Darajani, ukatokeza mbali na ukuta ili maji yaangukie mtaroni.

Upande wa mashariki palikuwa na gofu, maana nyumba ya jirani ilianguka zamani kidogo, na hili ni jambo ambalo hakuna dalali atakayekutajia. Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikana. Ukuta mmoja unabeba boriti za pande mbili, na ukuta huo wa katikati haukujengwa upigwe na mvua. Ya jirani ikianguka, ukuta wako wa ndani unageuka kuwa wa nje, haujapigwa lipu wala kupakwa chokaa. Tena gofu lile lilikuwa jaa. Maganda ya muhogo, vifuu, majivu na mawe yalilundikana kwa kimo cha mtu mzima kwenye ukuta wetu, yakishika maji mwaka mzima. Tukakodi mikokoteni, vijana wa mtaa wakaja na majembe, na chini ya taka tukaukuta ukuta umelainika hata unachimbika kwa kidole. Karo la choo nalo lilikuwa limepasuka chini ya ngazi. Lilipofunuliwa, harufu ilitutoa nje sote isipokuwa fundi. Hapo hapo palikuwa na mfereji wa chuma uliozikwa ukutani, ukivuja. Maji ya Chemchem, ambayo Sultani Barghash aliyaleta mjini katika karne ya 19, yamekuwa neema kwa watu wa mji huu, lakini mfereji uliofukiwa ndani ya ukuta wa matumbawe ni msiba kwa ukuta. Tuliuhamishia nje, uonekane, ili siku ukivuja tujue siku hiyo hiyo. Nenda Kajificheni ukamuulize jirani choo chake kiko wapi, na maji ya paa lake yanaangukia wapi. Ukiona haya kuuliza sasa, utalazimika kuuliza baadaye, ukiwa umekwisha kulipa.

Ndipo saruji ikabanduliwa. Vipande vilitoka vizima vizima, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, unang'aa kwa maji, ingawa mvua zilikuwa zimekatika zamani. Mke wangu akauliza lipu mpya itapigwa lini. Fundi akajibu kwamba ukuta wa dhiraa nzima unataka kaskazi yote na zaidi, na kwamba hakuna anayeweza kuuharakisha. Tukahamia ghorofa ya juu, sisi na watoto, na bibi mwenyewe akakaa nasi hadi safari yake ikatimia. Chini tukaacha madirisha wazi usiku na mchana. Chumvi ilitoka ukutani ikaota nyuzi nyeupe, nyembamba, na kila asubuhi mke wangu aliifagia kwa ufagio mkavu, akaizoa kwenye karai na kwenda kuitupa mbali. Fundi alikataza kabisa kuiosha, kwa sababu ingeyeyuka na kurudi ilikotoka. Majirani walitupa ushauri kwa moyo mwema: huyu alisema tupake lami, yule tubandike vigae, mwingine turudishe rangi ya mafuta. Sisi tulimsikiliza mtu mmoja tu, aliyejua maji yale yanatoka wapi.

Ukuta ukiendelea kukauka, tukatafuta chokaa. Fundi alinichukua hadi shamba kwao kuona tanuu ikiwashwa. Magogo ya mnazi yalipangwa mduara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukatiwa katikati wakati wa jioni, nasi tukakaa upande unaotoka upepo, tukila muhogo wa kuchoma, uso wa kila mtu umekuwa mwekundu kwa mwanga. Jiwe lililoiva hutoka jepesi, jeupe. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linatoa mvuke na mlio, linavunjika likawa unga, na harufu yake kali inakukwaruza koo. Tulinunua kwa debe, shilingi arubaini kila moja. Gari la ng'ombe liliifikisha chokaa Darajani, na kutoka hapo mahamali wakaibeba kwa makapu, kwa sababu njia zetu hazipitishi gari. Tukaitia shimoni uani, tukaifunika magunia mabichi, ikakaa miezi, maana kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Mchanga ulitoka kwenye shimo la shamba. Wa pwani fundi aliukataa, usije ukaturudishia ile chumvi tuliyokuwa tukiifagia kila siku. Wenye elimu ya kemia wataeleza kwamba chokaa ikishapigwa ukutani hunywa kaboni dioksidi iliyomo hewani na kurudi polepole kuwa jiwe lile lile lililochomwa. Wazee wetu walilijua hilo kwa mikono.

Boriti ndizo zilizotutoa jasho la fedha. Fundi alipanda juu ya ngazi akagonga kila ncha inapoingia ukutani: nzima hulia kavu, iliyooza haitoi mlio. Boriti ya mkoko ikikaa kavu huwazika walioiweka, na wana wao, na wajukuu zao. Zilizokufa zote zilikuwa upande wa gofu na chini ya ule mlizamu, kila mahali yalipopita maji. Tulinunua korija moja, yaani boriti ishirini, kwenye jahazi lililotoka Rufiji, na korija hiyo ilimeza karibu mshahara wangu wa mwezi mzima. Ni urefu wa boriti unaopima nyumba zetu. Vyumba vya Unguja, Mombasa na Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haipiti sana mita tatu. Fundi alizipangia ncha mawe makavu ubavuni na kuacha kipenyo cha hewa, hakuzifukia.

Lipu ilipigwa mwaka uliofuata. Fundi alichukua shilingi mia mbili kwa siku na chakula cha mchana, na mke wangu alimpikia wali na mchuzi wa papa, ambao aliula taratibu, peke yake, ameegemea ukuta anaoufanyia kazi. Tabaka la kwanza lilikuwa la chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Alitueleza mapema kwamba sehemu yake itaharibika, nasi tusihuzunike, kwa kuwa kazi yake ni kuinywa chumvi iliyobaki. Kweli, masika yalipopita ilianza kupukutika chini, ikakwanguliwa na kupigwa nyingine. Kila lipu ilitundikiwa magunia yaliyoloweshwa isikauke kwa pupa. Mwisho ikaja niru, ile lipu laini ya juu, akaisugua kwa mwiko hadi ukipitisha kiganja huhisi chembe. Baada ya hapo ilikuwa kupaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, kama alivyofanya mume wa bibi, nasi tumefanya hivyo hadi leo.

Unataka kujua kama unyevu ulikwisha. Haukwisha. Mkunazini iko karibu na ilipokuwa pwani ndogo, ule mkono wa bahari ulioutenga mji na Ng'ambo kabla haujafukiwa, na ardhi ya huku haijaacha kuwa na maji chini yake. Kila masika doa hupanda chini ya ukuta wa sebule hadi magotini, na kila Julai, kusi ikishashika, limekauka. Hatukuwahi kulifunika kwa kabati wala pazia. Vitanda na makabati yetu hukaa mbali na ukuta, upana wa mkono, hewa ipite nyuma, na vitabu vyangu viko ghorofa ya juu. Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa akisumbuliwa na pumu katika chumba cha kupanga, alikulia humu na kifua chake kikapoa. Nyumba hii inapumua, naye alipumua.

Mji nao ulirudi kwenye chokaa, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya kuuhifadhi ilipita mwaka 1994. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Zahanati ya Zamani, jengo la Tharia Topan pale ufukweni, lilitengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na vijana wa hapa wakajifunza tena kazi ambayo baba zao walikuwa wameiacha. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haipandi juu ya bati. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele na mnara wa saa vikaporomoka mchana, wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Nilisimama Forodhani siku ile, vumbi jeupe limetanda hadi baharini, na wazee wenzangu walikuwa wakilia wazi wazi. Jumba la mfalme na nyumba ya mwalimu hujengwa kwa jiwe moja, na lisipotunzwa halijui mwenyewe ni nani.

Sasa rudi kwako. Mwambie dalali angoje hadi Mei. Akikataa, muache auze, nyumba za mawe zipo. Mvua ikikaza, ingia, panda juu ya paa kwanza, kisha shuka na maji. Gonga lipu, gonga boriti, onja unga mweupe, nusa chini ya ngazi. Ukikuta rangi mpya ya plastiki au vigae ukutani, uliza vinafunika nini. Kibali cha kutengeneza utakiomba kwa Mamlaka, na chokaa utalazimika kuitafuta, kwa sababu tanuu zimepungua, na mikoko na matumbawe havikatwi tena ovyo kama zamani, na ni haki visikatwe. Weka fedha za matengenezo katika mkoba wake, mbali na fedha za bei. Unyevu utakaouona kwa macho yako usikuogopeshe. Una njia yake ya kuingia, na kilicho na njia ya kuingia kinaweza kuoneshwa ya kutokea. Jiulize jambo moja tu kabla ya saini: je, utakuwa tayari kupanda ngazi kila mwaka, na ndoo ya chokaa mkononi, wewe na wanao, muda wote wa kukaa humo? Nyumba ya mawe haimaliziki kujengwa, na anayeinunua amekubali kuwa mmoja wa waashi wake. Kama umekubali, inunue kwa moyo mkunjufu, nami nitakuja na mwiko wangu.